Staringi wa Kwanza Aliyefichwa Jina: Maisha ya Florence Lawrence

Siku hizi habari ya kifo cha mtu aliye hai haishangazi tena. Unaamka alfajiri, unafungua simu, unakuta kwenye kikundi cha WhatsApp kuwa msanii fulani ametutoka. Kabla chai haijaiva watu washamwombea rehema, washaweka na picha ya mshumaa. Kufika adhuhuri mwenyewe anajitokeza kwenye video, yu mzima wa afya, akiuliza nani kamzulia. Na wapo wasemao kuwa mzushi ni yeye mwenyewe, hasa ikiwa ana wimbo mpya unaokaribia kutoka.

Ujanja huo, msomaji wangu, haukuanza na simu. Una zaidi ya miaka 110 sasa. Miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa kuzikwa wakiwa hai namna hiyo ni mwanamke mmoja wa sinema zisizo na sauti, aitwaye Florence Lawrence. Ukilitaja jina hilo leo, hata kwa wale wazee wetu waliokuwa hawakosi Regal wala Naaz siku za Jumamosi, watakutazama tu. Charlie Chaplin wanamjua, yule wa kofia na bakora na mwendo wa bata. Lakini Chaplin alisimama mbele ya kamera mara ya kwanza mwaka 1914. Kufikia hapo Florence alikuwa amecheza filamu kwa mamia, amekuwa staringi kabla neno hilo halijapata maana, na nyota yake ilikuwa imeanza kushuka.

Alizaliwa tarehe 2 Januari 1886 katika mji wa Hamilton, Ontario, nchini Canada. Jina alilopewa ni Florence Annie Bridgwood. Baba yake, George, alikuwa fundi wa magari ya farasi. Mama yake, Charlotte, alikuwa mtu wa jukwaani aliyejulikana kwa jina la Lotta Lawrence, naye ndiye aliyeongoza kikundi cha maigizo kilichozunguka mji hadi mji. Wazazi walitengana Florence akiwa bado mdogo, na baba akafa mwaka 1898 kwa kuvuta gesi ya makaa nyumbani. Mtoto akabaki upande wa mama na akalichukua jina la jukwaani la mama.

Tangu akiwa na miaka michache tu alikuwa akipandishwa jukwaani aimbe, acheze na apige miluzi, akitangazwa kama mtoto wa ajabu. Maisha yenyewe yalikuwa ya treni na nyumba za kulala wageni: leo mji huu, kesho mji ule. Hakuwa na pahali pa kuita kwao. Nalitaja hili kwa sababu baadaye, fedha zilipomjia, kitu cha kwanza alichokitafuta kilikuwa shamba lake mwenyewe lenye mawaridi.

Kikundi cha mama kilipovunjika, wawili hao wakaelekea New York. Ilikuwa mwaka 1906. Wakati huo mtu wa maigizo aliyejiheshimu hakutaka kuonekana kwenye sinema. Filamu zilikuwa za dakika kumi hivi, zikionyeshwa katika vyumba vidogo vilivyotolewa madukani, kiingilio senti tano, watazamaji wengi wao wakiwa maskini na wahamiaji ambao Kiingereza kilikuwa kigumu kwao. Na hapo ndipo ilipokuwa nguvu ya sinema hizo. Myahudi aliyeshuka jana kutoka Urusi na Mtaliano wa kutoka Naples walikaa benchi moja, wakacheka mahali pamoja na kulia mahali pamoja, bila ya mtu kuwafasiria. Sisi tuliokua tukitazama filamu za Kihindi bila ya kujua neno la Kihindi tunalielewa jambo hilo bila ya kuelezwa sana.

Florence alipata kazi kwa kampuni ya Edison, katika filamu ya maisha ya Daniel Boone, mwindaji mashuhuri wa Marekani. Alichukuliwa kwa kuwa alijua kupanda farasi. Filamu ilipigwa nje, katikati ya baridi kali, na mama yake naye akapewa nafasi humo. Kutoka hapo akahamia Vitagraph, kampuni iliyokuwa Brooklyn, ambako mwaka 1908 alicheza Juliet katika filamu ya Romeo and Juliet. Lakini usidhani Juliet huyo alikuwa akisubiriwa na mtu wa kumpaka poda. Akitoka mbele ya kamera aliketi kwenye cherehani, akishona nguo za waigizaji wenzake. Ndivyo ajira ilivyokuwa.

Mwaka huohuo wa 1908 kampuni ya Biograph ilikuwa na mwongozaji mpya aitwaye D. W. Griffith, aliyekuwa akimtafuta msichana mzuri anayeweza kukaa juu ya farasi. Mtu aliyempeleka Florence huko ni Harry Solter, mwigizaji, ambaye hakukawia kuwa mume wake. Mshahara ukawa dola 25 kwa wiki, na cherehani akaiacha nyuma. Griffith huyu, tuseme ukweli, ndiye aliyetengeneza mwaka 1915 ile filamu ya The Birth of a Nation iliyowatukuza wauaji wa Ku Klux Klan na kuwatukana watu weusi, na mimi sina haja ya kumsafisha. Lakini kazi ya kamera aliijua, na katika miezi ile ya mwanzo sura aliyoitegemea zaidi ilikuwa ya Florence.

Walikuwa wakitoa filamu mbili kwa wiki, kwa hivyo mwigizaji alikuwa leo mke mwenye wivu, keshokutwa binti wa Kihindi Mwekundu akipiga kafi kwenye mtumbwi, wiki ijayo yule Katharina mkorofi wa Shakespeare katika The Taming of the Shrew. Alicheza Resurrection, kisa kilichotoka kwa Tolstoy, akahuzunisha watu. Kisha akawachekesha watu haohao katika mfululizo wa vichekesho vya Bwana na Bibi Jones, pamoja na mnene mmoja aitwaye John Cumpson. Ukiwatazama wawili hao leo utaona kitu ambacho wengi hawakitarajii kwa filamu za wakati ule. Tumezoea kudhani kuwa waigizaji wa sinema bubu walikuwa wakirusha mikono na kutoa macho kama waliopagawa. Wako waliofanya hivyo. Florence naye alianza hivyo, kwa kuwa jukwaani ndivyo alivyofunzwa. Lakini ndani ya muda mfupi unamwona ametulia. Anampa mumewe mgongo kidogo, anakunja kitambaa, anatazama mlango, nawe ushajua kuwa nyumba hii leo haina amani. Hakuna neno lililosemwa.

Watu wakampenda. Tatizo ni kwamba hawakujua wampende nani.

Kampuni za wakati ule hazikuandika majina ya waigizaji. Filamu ilianza kwa jina la kampuni na jina la kisa, basi. Sababu ya kwanza ilikuwa fedha, na wakuu wa kampuni waliijua vizuri: mtu akijua kuwa watazamaji wanakuja kwa ajili yake, kesho atabisha hodi ofisini kutaka nyongeza. Na kampuni kubwa zilikuwa zimeungana mwishoni mwa 1908 katika muungano ulioongozwa na kampuni ya Edison, wakashika hataza za kamera na mashine za kuonyeshea, wakauza filamu kwa futi kama watu wauzavyo kitambaa. Katika biashara ya kitambaa nani anamuuliza mfumaji jina lake?

Lakini watazamaji walikuwa wakiuliza. Barua zikaanza kumiminika Biograph: yule msichana ni nani? Ameolewa? Anakaa wapi? Kampuni haikujibu. Watu wakampa jina wenyewe, wakamwita Msichana wa Biograph. Wenye kumbi wakawa wanabandika mlangoni kuwa leo yumo Msichana wa Biograph, na foleni ikajaa. Kwa hivyo alikuwa mtu mashuhuri kuliko wote katika sinema za Marekani, uso wake ukijulikana toka New York hadi vijiji vya mbali, na bado angeweza kutaja jina lake halisi katikati ya umati na asigeuze shingo ya mtu.

Yeye na Solter wakaona kuwa wanapunjwa. Wakaiandikia kimyakimya kampuni nyingine, Essanay, kuulizia kazi. Essanay ilikuwa katika muungano uleule. Wakubwa huzungumza, bwana. Barua ile ikapelekwa Biograph na wote wawili wakafukuzwa. Ilikuwa mwaka 1909. Nafasi yake ikachukuliwa baada ya muda na kijana mwingine wa kutoka Ontario, mzaliwa wa Toronto, aliyeingia Biograph mwaka huohuo: Mary Pickford. Hata lile jina la Msichana wa Biograph akalirithi. Kampuni iliona kuwa jina ni mali yake, na msichana anaweza kubadilishwa.

Hapa ndipo anapoingia Carl Laemmle. Huyu alikuwa Myahudi wa Ujerumani, mzaliwa wa Laupheim, aliyefanya kazi ya kusimamia duka la nguo huko Wisconsin kabla ya kufungua ukumbi wa sinema Chicago mwaka 1906. Alikuwa mfupi, mcheshi na mbishi, na alikataa kuupigia magoti muungano wa Edison. Akaanzisha kampuni yake mwenyewe, ikajulikana kwa kifupi kama IMP, na kwa miaka kadhaa akawa akipelekwa mahakamani na kurudi. Mwaka 1912 kampuni yake iliingia katika ile ambayo hadi leo tunaiona ikizungusha dunia mwanzoni mwa filamu, Universal. Laemmle hakuwa na hataza wala mtaji wa wale wakubwa. Alichofanya ni kumchukua Florence Lawrence, akaamua kumpa kitu ambacho Biograph walimnyima. Akaamua kumtaja.

Namna alivyomtaja ndiyo kisa chenyewe. Mapema mwaka 1910 zikaenea habari kuwa yule msichana mpendwa wa sinema amegongwa na tramu, lile gari la umeme la relini, na amekufa. Watu wakasikitika. Kisha Machi 1910 Laemmle akachapisha tangazo kubwa katika gazeti la wafanyabiashara wa sinema, akilaani uongo huo kwa hasira zote. Alidai kuwa ni maadui wa kampuni yake waliouzusha, akamtaja Florence kwa jina kamili, akahakikisha kuwa yu mzima na hajapata hata mkwaruzo, kisha, kama kwa bahati tu, akataja filamu yake ijayo.

Wanaochunguza historia ya sinema wengi wanaamini kuwa mzushi wa kifo kile ni Laemmle mwenyewe au watu wake. Mimi naona hata ukimpa nafasi ya shaka, faida aliyoipata inamshitaki. Maana hakuishia hapo. Akatangaza kuwa Florence atakwenda mwenyewe mji wa St. Louis, ili watu wamwone kwa macho yao kuwa yu hai, akiandamana na King Baggot, mwigizaji mwenzake aliyekuwa mzaliwa wa mji huo. Treni ilipofika stesheni umati ulikuwa umefurika. Ikasemwa kuwa rais wa nchi alipopita hapo hakupata umati kama ule. Watu walimzonga, wakamvuta, wakang'oa vifungo vya koti lake wapate cha kubaki nacho. Florence aliogopa kweli. Mwanamke aliyekuwa hana jina juzi, leo watu wanagombania vifungo vyake.

Tangu siku ile biashara haikurudi ilikokuwa. Kampuni nyingine zikafuata moja moja, zikaanza kutangaza majina, kuuza kadi zenye picha za waigizaji, kuchapisha magazeti ya habari zao. Kila bango unaloliona Nyali au Malindi lenye jina kubwa la mwigizaji juu ya jina la filamu lina ukoo unaofika kwenye stesheni ile. Huku kwetu jina nalo lilikuja kujua kuuza: Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, watu wa pwani nzima walizitafuta santuri zile kwa kuwa ni za Siti. Hakuna aliyeingia dukani akaomba santuri ya kampuni fulani.

Kwa Laemmle alikaa hadi mwishoni mwa 1910 tu, akacheza filamu hamsini hivi. Mwaka uliofuata alikuwa Philadelphia kwa kampuni ya Siegmund Lubin. Na mwaka 1912 yeye na mumewe wakafungua kampuni yao, Victor, kwa kusaidiwa na Laemmle, wakiwa na studio Fort Lee, New Jersey. Yeye akilipwa dola 500 kwa wiki, pesa ambazo miaka minne nyuma, pale kwenye cherehani, asingezitaja hata kwa mzaha. Ni mmoja wa wanawake wa kwanza kuwa na kampuni ya filamu. Akanunua lile shamba, ekari 50 huko River Vale, akapanda mawaridi. Ndoa lakini ilikuwa ya vurugu, Solter akiondoka na kurudi, akiandika barua za kutishia kujiua. Florence mara akawa anasema ameacha sinema, mara amerudi.

Jambo jingine alilolipenda ni magari. Alikuwa na lake na aliliendesha mwenyewe, akilifungua na kulifunga, wakati ambapo mwanamke nyuma ya usukani alikuwa kioja. Na kama madereva wote wa wakati ule, aliona shida moja: aliye nyuma hajui kama wewe wataka kukata kona au kusimama. Karibu mwaka 1914 akabuni mkono mdogo uliofungwa nyuma ya gari. Ukibonyeza kitufe mkono unanyanyuka kuonyesha upande unaoelekea. Akabuni pia kibao kilichoandikwa simama, kinachojitokeza nyuma kila dereva anapokanyaga breki. Kwa ufupi, indiketa na taa ya breki, kabla ya taa zenyewe. (Najua wako madereva wa matatu katika barabara ya Mombasa kwenda Malindi ambao hadi leo habari hii ya indiketa haijawafikia, lakini hilo si kosa la Florence.) Mama yake naye alikuwa na akili hiyohiyo. Mwaka 1917 Charlotte Bridgwood alipata hataza ya waipa za kioo zinazoendeshwa kwa umeme.

Florence hakuandikisha hataza ya vitu vyake. Wenye viwanda vya magari wakaendelea na mambo yao, na Buick ilipotoa taa za ishara katika magari yake ya mwaka 1939, hapakuwa na aliyemkumbuka wala aliyemlipa. Hebu tazama: mtu aliyepigania miaka yote ajulikane kwa kazi ya uso wake, kazi ya akili yake ikapita bila jina. Laiti angalikuwa na Laemmle wa upande huo.

Balaa lilimkuta kazini. Katika filamu ya Pawns of Destiny, ya mwaka 1914, palikuwa na moto wa kuigiza, na moto ule ukashinda walioupanga. Florence akaungua, nywele zikababuka, akaanguka vibaya na kuumia mgongo. Alijikaza akamaliza filamu kisha akaporomoka. Kampuni ilikataa kulipa gharama za matibabu. Nalisema bila ya kuzunguka: huu ndio ubaya mkubwa kuliko ule wa tramu. Uongo wa kifo ulimletea umati. Kifo cha kweli cha kazi yake hakikuleta hata bili ya daktari. Alimlaumu mumewe kwa kumtia katika hatari ile, wakaachana. Alipojaribu kurudi mwaka 1916, mwili ulikataa. Alilala miezi akiwa amepooza.

Na sinema haikumngoja. Mwaka huo wa 1916 Mary Pickford, yule aliyerithi nafasi yake, alitia sahihi mkataba wa dola 10,000 kwa wiki. Filamu zilikuwa ndefu sasa, za saa nzima na zaidi, na kazi yote ilikuwa imehamia California. Florence alipofika Hollywood mwaka 1921 kujaribu tena, alikuwa na miaka 35 tu, na tayari magazeti yalimwandika kama mtu wa kale. Filamu moja, The Unfoldment, ikatoka mwaka 1922 na kupita. Baada yake ni vijinafasi, kisha vijinafasi visivyotajwa jina. Alirudi alikoanzia.

Solter alikufa mwaka 1920. Mume wa pili, Charles Woodring, muuza magari, walifungua naye duka la vipodozi Los Angeles, nao wakaachana. Mwaka 1929 mama yake akafa, na Florence, ambaye bado alikuwa na akiba kidogo, akamchongeshea sanamu ya kifahari juu ya kaburi. Miezi michache baadaye soko la hisa la New York likaanguka, likaondoka na alichobakisha. Mume wa tatu alikuwa mlevi mwenye kupiga. Ndoa haikumaliza hata nusu mwaka.

Sauti nayo ilikuwa imeshaingia, tangu 1927. Watu hupenda kusema kuwa sauti ndiyo iliyowaua nyota wa sinema bubu, na kwa wengine ni kweli. Kwa Florence si kweli. Yeye alikuwa na sauti ya jukwaani tangu utoto. Kilichomwangusha ni mgongo ulioumia kazini na biashara isiyokuwa na kumbukumbu.

Mwaka 1936 kampuni ya MGM iliamua kuwapa nyota wa zamani waliofilisika kazi ndogondogo kwa ujira wa kila wiki. Florence akawa miongoni mwao. Tafakari kidogo: anasimama nyuma katika onyesho la karamu, glasi mkononi, mbele yake wamesimama vijana ambao majina yao yamebandikwa kila ukuta, kwa desturi iliyoanza na jina lake. Sidhani walimjua.

Kufikia hapo alikuwa mgonjwa, maradhi ya uboho yaliyomletea udhaifu, maumivu na huzuni isiyokwisha. Madaktari hawakuwa na dawa. Tarehe 28 Desemba 1938, baada ya kuwaarifu studio kuwa hatafika kazini, alikunywa sumu nyumbani kwake. Majirani walisikia akilia, akakimbizwa hospitalini, akafa siku ileile. Alikuwa na miaka 52. Safari hii hapakuwa na tangazo la kukanusha.

Akazikwa katika makaburi ya Hollywood, palepale alipolala mama yake. Mama ana sanamu. Binti hakuwekewa hata jiwe.

Zimebaki filamu zake? Alicheza karibu 300, na nyingi zimepotea. Ukanda wa filamu wa siku zile ulikuwa wa naitreti, kitu kinachoshika moto upesi na kuoza chenyewe kikihifadhiwa vibaya. Na kampuni, zikiona sinema bubu hazina tena soko, zilizitupa au kuziyeyusha zipate fedha ya madini iliyomo. Maktaba ya Bunge la Marekani ilichapisha uchunguzi mwaka 2013: katika filamu ndefu bubu zilizotengenezwa Marekani, kama asilimia 70 hazipo kabisa.

Lakini katika msiba huu imo bahati moja ya ajabu. Sheria ya hakimiliki ya wakati ule haikutambua filamu, ilitambua picha. Kwa hivyo kampuni kama Biograph, ili zijilinde na wezi, zilichapisha filamu nzima kwenye ukanda wa karatasi, picha baada ya picha, na kuupeleka Maktaba ya Bunge. Karatasi haiozi kama naitreti. Miaka mingi baadaye karatasi zile zilipigwa picha upya moja moja, zikawa filamu tena. Kwa hivyo Florence tunayeweza kumwona leo kwa wingi zaidi ni yule wa Biograph. Kampuni iliyokataa kuliandika jina lake ndiyo iliyouhifadhi uso wake, tena kwa kuogopa kuibiwa.

Zinapatikana kwenye mtandao bila malipo, na kwa kuwa ni za dakika kumi hazitakumaliza bando. Ukitaka kuanza, anza na vichekesho vya Jones, kisha The Mended Lute ya mwaka 1909, yenye mbio za mitumbwi ambazo watoto wa Lamu watazikosoa lakini watazimaliza. Zima muziki uliobandikwa juu yake, mara nyingi ni wa ovyo. Kaa na watoto, au na bibi asiyejua Kiingereza, wala usiwaeleze kitu. Waache waulize wao yule mwanamke ni nani.

Mwaka 1991, miaka 53 baada ya kuzikwa, Florence aliwekewa jiwe. Aliyelilipia alikuwa mwigizaji mzaliwa wa Uingereza, naye aliomba jina lake lisitajwe. Jiwe lenyewe ni dogo, limelala chini kwenye nyasi. Limeandikwa jina lake kamili, kwamba ni Msichana wa Biograph, na kwamba ni nyota wa kwanza wa sinema. Mwaka wa kuzaliwa umeandikwa 1890. Wamemkosea kwa miaka minne.